Mkwaruzo na Yowe Alilolikataa

Ndugu wa damu na wa kazi, majirani wa mtaa wetu, wauguzi mliobadilishana zamu ili mfike, na ninyi vijana wenye makoti ya viraka mliosimama nyuma kwa adabu: tunawashukuru kwa kuja. Ninayesoma ni mdogo wake marehemu, wa pekee, na ndimi niliyempigia gitaa la besi kwa miaka saba. Shangazi aliponikabidhi kazi hii alisema, "Andika wewe, maana wewe ulikuwepo." Nimeandika. Nikisimama kidogo katikati, mnivumilie.

Marehemu dada yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mkwaruzo, alizaliwa Jumanne tarehe 3 Mei 1966 katika nyumba za wafanyakazi wa hospitali, safu ya pili, chumba namba 14. Mama yetu alikuwa mpishi wa wodi na baba yetu dereva wa gari la wagonjwa. Akiwa na miaka minne alishikwa na ugonjwa wa koo, akalazwa wiki tano. Alipona, lakini sauti yake haikurudi kama ilivyoondoka. Ilirudi kama imetiwa mchanga. Baba alikuwa akisema, "Huyu akiomba maji, unadhani kuna mtu anaburuta kabati." Jina la Mkwaruzo lilianzia pale nyumbani, wala hakuna aliyelitoa kwa ubaya.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, akaendelea na sekondari akamaliza kidato cha nne mwaka 1983. Alipenda kwaya kuliko kitu chochote, na kwaya haikumpenda. Mwalimu wa muziki alimwambia, "Wewe simama mstari wa nyuma, fungua mdomo tu, usitoe kitu." Kwa miaka miwili alifungua mdomo bila kutoa kitu. Siku ya wazazi, alipokuwa darasa la sita, kwaya nzima ilisahau ubeti wa pili. Mgeni rasmi akaanza kukohoa. Ndipo ile sauti ya kabati ikatoka nyuma, peke yake, ikauimba ubeti mpaka mwisho bila kukosea neno. Watu walicheka hadi wakafuta machozi. Mama alimsubiri mlangoni akijua atarudi analia. Alirudi anatafuna muwa, akasema, "Leo angalau wamenisikia."

Tarehe 2 Januari 1985 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali hiyohiyo. Wengi mmelazwa pale mkafunikwa mashuka yale bila kujua yanatoka wapi. Chumba kilikuwa chini ya wodi ya wazazi. Kulikuwa na mashine nne za kufulia, mojawapo ikiitwa Bibi kwa sababu ilikohoa kabla ya kuzunguka. Kulikuwa na boila la mvuke, chumba cha pasi chenye madirisha matatu, na uwanja wa nyuma wenye kamba za kuanikia. Kila shuka lilikuwa na namba ya wodi iliyoshonwa pembeni kwa uzi mwekundu. Aliyezishona namba hizo, na kuziba kila tundu, ni rafiki yake marehemu, ambaye kazini walimwita Sindano.

Sindano alikuwa mwembamba, mdogo wa umbo, na mdomo wake haukujua likizo. Alizungumza na mashuka, alizungumza na mashine, alimzungumzia msimamizi akiwa mbele yake. Kulipokuwa na joto alisimama katikati ya chumba cha pasi, mkono kwenye paji la uso kama mwigizaji, akaita, "Fungua dirisha jamani, nakufa!" Wenzake walimjibu kwa pamoja, "Kufa basi, tupumzike!" Wakacheka, kazi ikaendelea. Hayo yalikuwa mazoea ya kila siku. Madirisha yenyewe hayakuwa yanafunguka. Mwaka 1990 msimamizi wa wakati huo aliamuru yapigiliwe misumari, na nondo kwa nje, kwa kuwa mashuka yalikuwa yakipotelea huko.

Mwaka huohuo ndipo marehemu alipoanzisha bendi. Sababu yake ni ya ajabu kidogo. Kwenye mfuko wa koti lililoletwa kufuliwa alikuta kaseti isiyo na jina wala picha. Ndani yake kulikuwa na muziki wa panki: gitaa linalofoka, ngoma zinazokimbia, na mtu anayepiga kelele kana kwamba amebanwa na mlango. Mjomba alipousikia aliuliza ni nani wanagombana. Dada aliusikiliza mara tatu mfululizo, akaniambia, "Mdogo wangu, kuna mahali duniani ambako sauti yangu si ugonjwa." Tulikuwa watatu: yeye akiimba na kupiga gitaa, mimi besi, na fundi bomba wa hospitali, tuliyemwita Bati, kwenye ngoma. Tulijiita Mashuka Machafu. Tulifanyia mazoezi stoo ya pampu, Jumamosi mchana, na Sindano alikuwa mtazamaji wetu wa pekee. Kila wimbo ulipokwisha alisema, "Mbaya sana. Rudieni."

Alhamisi tarehe 11 Juni 1992, saa nne na robo asubuhi, bomba kuu la mvuke lilipasuka ndani ya chumba cha pasi. Wanawake wanne walikuwa ndani. Mlango ulikuwa upande ule ule wa bomba. Watatu walitolewa wakiwa na majeraha, na mmoja wao yupo hapa leo. Sindano hakutoka. Marehemu alikuwa uwanjani akianika, hatua chache kutoka dirisha la katikati. Alisikia rafiki yake akiita, "Fungua dirisha!" Aliita mara nyingi. Marehemu alipiga kioo kwa beseni la chuma mpaka kikavunjika, lakini nje ya kioo kulikuwa na nondo. Bati alipofika na nyenzo, sauti ilikuwa imeshakoma. Taarifa ya uchunguzi ilisema bomba lilikuwa chakavu. Misumari haikutajwa.

Siku tisa zikapita. Siku ya kumi alikuja stoo akiwa na wimbo. Ulikuwa na gitaa la sauti mbili tu, na mwanzo wa besi wa noti nne, ambazo nilizitunga mimi. Katikati yake alipiga yowe: "Fungua dirisha!" mara kumi na moja, moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa imechoka kuliko iliyotangulia. Hakuwa akiigiza. Alikuwa akirudia alichokisikia, kwa mpangilio uleule.

Albamu yetu ya kwanza, iliyobeba jina la wimbo huo, ilitoka tarehe 7 Oktoba 1994. Kilichofuata hatukukitarajia. Kaseti ziliisha madukani kabla ya wiki ya pili. Wanafunzi waligoma wakiuimba, madereva waliupiga kwa honi, na maharusi waliingia nao ukumbini. Tuliacha kazi hospitalini, tukasafiri miezi kumi na minne. Kampuni moja ya rangi iliutumia kwenye tangazo: mama mwenye furaha anafungua dirisha, ukuta unang'aa, na nyuma yake sauti ya dada yetu inaita. Hata kasuku wa jirani alijifunza. Ukipita kwa miguu kwenda dukani, anakupigia yowe kutoka barazani.

Mnaosema mlikuwa uwanja wa mpira Julai 1995, mnakumbuka umati ulivyokuwa. Ninachotaka kuwaeleza ni kile ambacho hamkukiona. Ulipofika wakati wa yowe, dada aliondoa mdomo kwenye kipaza sauti ili watu waimbe wenyewe. Maelfu ya watu wakainua mikono, wakiruka na kucheka: "Fungua! Fungua dirisha!" Dada akanigeukia. Uso ulikuwa umemshuka.

"Yumo," akaniambia.

"Nani?"

"Yumo humo ndani. Sikiliza. Anaita pamoja nao."

Nilimwambia amechoka. Nilimwambia hivyo kila mara, maana kuanzia siku hiyo alimsikia kila tulipopiga. Wakati mwingine karibu na jukwaa, wakati mwingine nyuma kabisa kwenye vibanda. Hakuwahi kusema ni mzimu, wala hakuita mganga au mchungaji. Alisema tu, kama mtu anayetoa taarifa, "Leo alikuwa mbele." Hotelini hakukubali chumba ambacho dirisha lake lilikuwa gumu. Wahudumu walidhani ni maringo ya watu maarufu.

Januari 1996 kampuni ya muziki ilitupangia studio ili tutengeneze albamu ya pili. Meneja wa kampuni hakuwa mtu mbaya, nasema hivi kwa haki. Alituketisha, akatuagizia chai, akasema wazi, "Watu hawataki wimbo mpya. Wanataka kusikia ule kwa mara ya kwanza tena. Nipeni yowe lingine. Neno lolote, lakini yowe."

Tulijaribu kwa miezi mitatu. Dada alipiga mayowe ya kila aina: juu ya njaa, juu ya vita, juu ya foleni. Fundi sauti wa studio, kijana mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyarekodi yote bila kulalamika. Siku moja alimrudishia moja ili asikilize. Dada alivaa vipokea sauti, akasikiliza, akavivua polepole.

"Hii si yangu," alisema.

"Ni yako, dada. Nimekurekodi sasa hivi."

"Ni yake. Zote ni zake. Mimi sina yowe langu." Kisha akaniuliza swali lililoniganda kichwani mpaka leo: "Mdogo wangu, Sindano alikuwa anasemaje? Siku za kawaida. Alikuwa na maneno gani?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikakosa. Bati naye akakosa. Mtu aliyeongea nasi kila siku kwa miaka saba, na sisi watatu tulikuwa tumebakiwa na maneno mawili tu, yale ya mwisho. Tulikuwa tumeyapiga kwa nguvu mno mpaka yakafunika mengine yote.

Jumapili moja ya Aprili, mchana, tulikwenda kwa mama yake Sindano, tukitaka kumuuliza maneno hayo. Hatukuwa tumekwenda tangu mazishi. Nalisema hili bila kujitetea. Alikuwa mwalimu mstaafu, mama mrefu, aliyenyooka kama rula. Sebule yake ilikuwa na viti viwili, kabati la vitabu, na redio iliyofunikwa kitambaa. Tukamwamkia. Aliitikia "marahaba" bila kutukaribisha kuketi.

"Mnajua kwa nini nimeifunika?" alituuliza, akionyesha redio. "Mwanangu anakufa humo kila siku saa saba mchana. Wiki hii amekufa mara mbili kwenye tangazo la rangi."

Dada alipiga magoti. Hatukuwa tumepanga hivyo. Alimwambia kitu ambacho hata mimi sikuwa nakijua.

"Mama, siku ile alipoita mara ya kwanza, nilidhani ni mzaha wake. Nilimjibu. Nilimwambia, kufa basi, tupumzike. Nikamalizia kuanika shuka nililokuwa nalo mkononi. Shuka moja, mama. Nikaweka vibanio vyote vinne. Ndipo nikasikia ya pili."

Yule mama alimtazama. Hakulia. Alikwenda mlangoni, akaufungua, akasimama pembeni mpaka tulipotoka. Akaufunga nyuma yetu taratibu, bila kuubamiza.

Alhamisi iliyofuata tulikuwa studio, hatufanyi chochote cha maana. Mlango ukagongwa. Alikuwa yeye, na mkoba wake mkononi na pamba masikioni.

"Sijakusamehe," alimwambia dada kabla ya salamu. "Msinielewe vibaya. Nimekuja kwa sababu mnamkosea mwanangu maneno."

Akakaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya vyombo vyetu, mkoba mapajani, akaanza. Sindano akiwa na miaka mitatu alisema nini juu ya mwezi. Alivyomtukana paka. Alivyohesabu mashuka kwa majina ya wanaume waliomtaka na sababu ya kuwakataa. Alivyorudi kutoka kazini siku ya kwanza akasema, "Mama, yale mashuka yameona mengi kuliko daktari." Dada aliandika mbiombio, mara anacheka, mara anajifuta kamasi kwa mkono wa shati. Alipokosea, yule mama alinyoosha kidole kama yuko darasani: "Hakusema hivyo. Futa."

Alikuja Alhamisi sita. Albamu ya pili ikapatikana hivyo. Ilikuwa na nyimbo kumi na nne, dakika thelathini na moja kwa jumla, zote za haraka, zote zina hasira na vichekesho, na hakuna hata moja yenye yowe. Dada aliziimba kwa sauti yake ya kawaida ya kuburuta, kama anasimulia umbea kamba za kuanikia zikiwa katikati yenu. Aliiita *Maneno Mengine*.

Kuna jambo moja ambalo waliosikiliza kwa makini wamewahi kuniuliza. Baada ya wimbo wa tisa, kabla ya wa kumi kuanza, kuna mtu anasema "Rudieni." Ni neno moja, la chini, la karibu sana. Fundi sauti alikagua kila kipaza sauti. Alisema huenda ni sauti ya yule mama iliyoingia kwa bahati. Yule mama alisema hakufungua mdomo siku hiyo, mafua yalikuwa yamembana. Mimi sina la kuongeza. Fundi alipouliza kama alikate, dada alisema, "Ukilikata nakukata." Lipo mpaka leo.

Meneja aliisikiliza yote ameshika kichwa. Mwisho akasema, "Ni nzuri kuliko ya kwanza. Na hakuna atakayeitaka." Hata hivyo aliitoa, na kwa hilo tunamshukuru.

Uzinduzi ulifanyika Jumamosi tarehe 22 Februari 1997, saa kumi alasiri, kwenye ukumbi uliojaa mpaka ngazini. Tulipiga nyimbo tano mpya. Watu walivumilia mbili. Katika ya tatu walianza kuita, "Fungua! Fungua!" Katika ya tano chupa zilianza kuruka, na moja ikampata Bati begani. Dada alisogea kwenye kipaza sauti akawaambia kwa utulivu, "Ule hatuupigi tena." Ukumbi ukazomea mpaka sakafu ikatetemeka.

Hapa ndipo nilipowaomba mnivumilie. Kwa miaka ishirini na sita watu wamesema kwamba siku ile umati ndio uliouanzisha wimbo. Si kweli. Umati ulikuwa unazomea tu. Aliyepiga noti nne za mwanzo ni mimi. Niliogopa. Nilitaka wanyamaze, na vidole vilikwenda vyenyewe kwenye noti wanazozijua. Umati ukalipuka kwa furaha, ukauimba wote, beti zote, mpaka yowe, mara kumi na moja.

Dada alivua gitaa, akaliweka chini kama mtu anayelaza mtoto. Akasimama amefumba mdomo, mikono pembeni, mpaka walipomaliza. Aliwasikiliza wote. Kisha akasema kwenye kipaza sauti, "Alikuwa na maneno mengine," akashuka jukwaani. Hakupanda tena jukwaa lolote mpaka Mungu alipomchukua.

Kwenye gari nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Aliangalia nje.

"Uliogopa?" aliniuliza.

"Niliogopa, dada."

"Haya."

Hakulitaja tena. Krismasi, misiba, harusi, hakulitaja. Laiti angenigombeza, ningekuwa nimepata pa kuliweka.

Tarehe 1 Septemba mwaka huo alirudi kuomba kazi yake chumba cha kufulia, akapewa. Watu walimcheka kwamba nyota imeanguka kwenye beseni. Alicheka nao. Mwaka 2004 aliteuliwa msimamizi, na asubuhi ya kwanza alikuja na nyundo ya kung'olea misumari kwenye pochi, akafanya kazi hiyo mwenyewe, dirisha baada ya dirisha, akiwa amevaa viatu vya kuendea kanisani kwa sababu alitaka kupendeza siku ya kwanza. Chini yake hakuna aliyeungua tena. Wafanyakazi wenzake wameniomba niliseme hili kwa sauti, nami nimelisema.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Julai 1999 na yule fundi sauti, shemeji yangu, ambaye miwani yake hadi leo ina uzi. Shemeji alipoulizwa alimpendea nini mtu mwenye sauti ile, alijibu, "Mimi nimeisikia bila kelele za watu." Walijaliwa binti mmoja, mwaka 2001. Binti akiwa na miaka sita alirudi kutoka shule akauliza, "Mama, wale watoto wakubwa wanasema anayepiga kelele kwenye ule wimbo ni wewe. Kweli?" Mama yake alimjibu, "Hapana mwanangu. Yule ni mtu niliyefanya naye kazi." Halafu akamwekea ile albamu ya pili, wakaisikiliza yote wakikunja nguo.

Kila tarehe 11 Juni marehemu alikwenda kumwona yule mwalimu mstaafu. Walikaa sebuleni, kila mmoja na kiti chake, wakanywa chai, wakazungumza kuhusu bei za vitu na magoti. Msamaha hakuuomba tena, wala hakupewa. Mwaka 2010 alipofika alikuta redio imefunuliwa. Wakanywa chai yao.

Oktoba 2021 marehemu alianza kukohoa bila kuacha. Madaktari walikuta mapafu yameingia makovu, wakataja vumbi la nyuzi, dawa za kufulia na mvuke wa miaka mingi. Alitibiwa hospitali ileile ambayo alizaliwa ukuta mmoja nayo, na wauguzi walimhudumia kama mama yao. Desemba mwaka jana alianza kutumia mtungi wa oksijeni. Februari sauti ilikwisha kabisa, ukabaki mnong'ono. Alinionyesha koo lake, akatikisa mabega, akaninong'oneza, "Mwalimu wa kwaya ameshinda." Nilicheka, nikatoka nje, nikalia.

Alifariki dunia Jumatano tarehe 8 Machi 2023, saa tisa alasiri, wodi ya tatu, akiwa na miaka hamsini na sita. Mumewe alimshika mkono wa kulia, binti yake wa kushoto, mimi nilikuwa miguuni. Shuka lililomfunika lilipigwa pasi asubuhi hiyo na watu wake wa chini, wakalipandisha wenyewe likiwa bado la moto.

Tangu siku hiyo redio zote zimekuwa zikiupiga ule wimbo, kwa nia njema, kumuenzi. Hatuwezi kuwazuia. Nimeusikia dukani, nimeusikia kituo cha mafuta. Juzi kinyozi aliongeza sauti ili kunifurahisha. Nikanyanyuka nikatoka na nusu ya kichwa. Ndiyo sababu ya kofia hii, mnisamehe. Kwa mara ya kwanza nilielewa yule mama aliifunika redio kwa nini. Mtangazaji mmoja alinipigia simu, kwa heshima zote, akaniuliza, "Mzee, maneno yake ya mwisho yalikuwa yapi?" Nikamwambia mtandao unakatakata.

Maneno yake ya mwisho tunayo. Tulikuwa watatu na tuliyasikia vizuri. Hayamo kwenye ratiba hii, na hatutayasema leo wala siku nyingine. Mkitaka ya kukumbuka, alisema mengi katika miaka hamsini na sita. Chukueni lolote kati ya hayo.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja, mdogo wake mmoja, shangazi mmoja, Bati ambaye ni zaidi ya ndugu, na wafanyakazi kumi na tisa wa chumba cha kufulia. Yule mwalimu mstaafu, mama yake Sindano, ana miaka themanini na sita, na ameketi mstari wa mbele. Jana nilikwenda kumuuliza tumwandike vipi: mama, rafiki, au jamaa wa karibu. Alifikiri mpaka chai yangu ikapoa. Akasema, "Usiandike mama. Usiandike rafiki. Andika kwamba nimekuja."

Amekuja.

Dada, pumzika sasa, pasipo mtu wa kukuita.